Sekunde 2 za Kichwa Changu

Daktari aliponiambia kichwa changu hakina kasoro yoyote, niliomba nipewe picha zenyewe. Kazi yangu ni uhuishaji wa kuchora kwa mkono, na picha zile za MRI, kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, zilikuwa zimeniteka tangu nilipoziona kwenye kompyuta yake: vipande 24 vilivyokatwa kwa mlalo, kuanzia usawa wa pua hadi utosini, vimefuatana kama fremu, zile picha moja moja za filamu, zinazosubiri kuchezwa.

Nikazichapisha, nikaziweka juu ya meza ya taa, nikafuatisha kila kipande kwa wino kwenye karatasi yake. Najua kompyuta ingeviunganisha upesi. Lakini mstari wa mkono hauangukii mahali pamoja mara mbili. Fremu zikipita, hutetemeka, na kwangu mimi mwili uliochorwa bila mtetemeko huo ni maiti. Macho ndiyo yaliyonishika zaidi. Katika picha za aina ile maji hung'aa, kwa hiyo macho yalianza kama nukta mbili nyeupe, yakatanuka, yakanywea, kisha ubongo ukalijaza fuvu lote.

Katika uhuishaji kila mchoro tunaushikilia kwa fremu 2, na sekunde moja hubeba fremu 24. Nilipoucheza mkanda, kichwa changu chote kilikwisha kwa sekunde 2. Niliumia kweli.

Nikamrudia yule dada wa radiolojia aliyenipima, nikamuuliza kati ya kipande na kipande pana nini. Akanieleza kwa utaratibu kwamba kila kipande kina unene wa milimita 5, na baada yake huachwa nafasi ndogo ili ishara za kipande kimoja zisivuruge za jirani yake.

"Hapo mashine haikusoma kitu," akasema.

Basi nikaona hapo ndipo penye kazi yangu. Nilichora michoro 3 kati ya kila vipande viwili, huku nikipapasa kwa kidole gumba ukingo wa tundu la jicho langu, mfupa wa paji, kishimo cha panjani. Vipande vya mashine vilibaki na wino mweusi. Vya kwangu nilivichora kwa penseli nyekundu, maana sikutaka mtazamaji achanganye kilichopimwa na kilichokisiwa. Sekunde 2 zikawa karibu 8. Kichwa kilicheza chekundu karibu chote, na weusi ukipita mara 3 tu katika kila sekunde.