Mwenye kijiti na mwenye daftari

Watu nikiwaambia napenda okestra kubwa za muziki wa klasiki wanafikiri nazungumzia yule wa mbele anaepunga kijiti tu, kumbe kuna mwengine hapandi jukwaani kabisa, ndie anaesaini mikataba, anatafuta wafadhili, analipa mishahara ya wanamuziki karibu mia, na hao wawili wakivutana basi hakuna muziki.

Sisi Lamu hili tunalijua vizuri. Kwenye taarab anaetuzwa ni mwimbaji, lakini cheki siku kikundi kinaenda harusi Malindi, yuko mtu kasimama gatini na daftari, anapiga hesabu ya boti mpaka Mokowe, ya basi, nani kashachukua advansi, na kodiani aifunge vizuri isipate maji ya chumvi. Huyo akiharibu hesabu safari imekufa pale pale.

Kisa kinachoniuma mpaka leo ni cha okestra ya Minnesota, Marekani. Kondakta wao, yaani yule mwenye kijiti, alikuwa mtu wa Finland, Osmo Vänskä, yupo tangu 2003 na aliipandisha ile okestra juu sana. Oktoba 2012 menejimenti ikawafungia wanamuziki mlango baada ya kukataa kukatwa mishahara kwa kiwango kikubwa, na wakati huo huo ukumbi wao unakarabatiwa kwa mamilioni ya dola! Yaani pesa za kuta zipo, za wapigaji hazipo, mimi hiyo siielewi hata unieleze vipi. Vänskä alionya kwamba maonyesho ya Carnegie Hall, ule ukumbi maarufu wa New York, yakifutwa anaondoka, yakafutwa, na Oktoba 2013 akajiuzulu kweli. Makubaliano yakaja Januari 2014, zaidi ya miezi 15 imeshapita, na wanamuziki bado walikatwa. Mwezi huo huo rekodi yao ya muziki wa Sibelius, mtunzi wa Finland, ikachukua tuzo ya Grammy. Baadae Vänskä akarudi, mkurugenzi mtendaji akaondoka, uongozi mpya ukaanza kukaa na wanamuziki meza moja, na kufikia 2015 wako Kuba, 2018 wanapiga Afrika Kusini, mpaka Soweto.

Wapigaji wengi ni wale wale, kondakta yule yule, kilichobadilika ni ofisi.

Okestra ya Berlin Philharmonic, Ujerumani, wao wanamuziki wenyewe ndio wanaompigia kura kondakta mkuu, hivyo ndivyo walivyompata Kirill Petrenko, na mimi naona hiyo ndio heshima. Okestra ya San Francisco, Marekani, ni kinyume, kondakta wao Esa-Pekka Salonen alitangaza 2024 kwamba haongezi mkataba kwa sababu malengo yake na ya bodi hayalingani, 2025 akaondoka. Mtu wa kiwango kile! Bodi ina haki ya kuchunga pesa, sikatai, lakini pesa yenyewe inachungwa kwa ajili ya nini kama si ule muziki?

Ndio maana vijana wanaoanzisha vikundi hapa nawaomba sana, mweka hazina awe anakuja mazoezini, akae asikie fidla inavyolia, na mwimbaji nae afunguliwe daftari kila mwisho wa mwezi aone kilichoingia na kilichotoka.