Geini si sauti: nilivyozipanga spika za sebuleni kwangu

"Fungua geini mpaka mwisho bosi, usiibanie mashine." Kila aliyejiita fundi aliniambia hivyo kuhusu geini, kile kinobu cha kwenye amplifaya, kuanzia muuzaji wa Kariakoo hadi kijana aliyekuja kutoboa ukuta na kuondoka na hela yangu. Amplifaya yenyewe ni ya mtumba, zile za kupigia harusini, ilinitoka laki tatu na ushee. Nimeiunga kwenye risiva ya sinema ya nyumbani, ile inayogawa sauti kwa spika zote, iendeshe spika mbili za mbele. Spika ya kati na za nyuma zinaendeshwa na risiva yenyewe.

Faida ya ushauri ule niliiona. Hata filamu ikisimama, spika zinachemka kama kikaango. Milipuko inatikisa vioo, mazungumzo hayasikiki, mke wangu kutwa rimoti mkononi, anapandisha, anashusha. Nikachomeka maikrofoni ya risiva, ipime spika na kuzilinganisha yenyewe. Ikazishusha spika za mbele hadi desibeli -12, ndio mwisho wake, na bado zikazizidi nyingine. Ukiona namba imegota hivyo, usihangaike na menyu. Nenda kwenye geini.

Na hao mafundi wasikutishe. Geini haiipi mashine nguvu. Kazi yake ni kuamua umeme mdogo kiasi gani kutoka kwenye risiva utaifikisha mashine kwenye kilele chake. Ukiirudisha chini, wati ni zilezile. Kinachopungua ni lile shhh.

Kazi nikaifanya usiku wa manane. Friji nikachomoa, pangaboi nikazima, na joto la Dar mnalijua. Simu yenye programu ya kupima desibeli (kwenye mipangilio yake chagua C, na mwendo wa taratibu, "slow") usiishike mkononi, mwili unaharibu vipimo. Yangu niliifunga kwa mipira ya noti kwenye mti wa ufagio, nikausimika kwenye kochi, usawa wa masikio. Viwango vya spika kwenye menyu ya risiva vyote sifuri, nikawasha ule mvumo wake wa majaribio, nikapandisha sauti hadi spika ya kati ikasoma 75. Kisha geini ya kushoto, polepole, mpaka 75. Ya kulia hivyohivyo. Zote zikatua chini ya nusu, ingawa hazikulingana. Vinobu vya mashine hizi havina usawa. Nikavitia nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, mtoto akivizungusha nijue. Za nyuma zilimalizika kwa rimoti.

Sabufa ndiyo iliyonidhalilisha. Ujanja wake ni kuipandisha kwenye kochi, pale unapokaa wewe, ipige besi, halafu wewe utambae ukutani ukisikiliza wapi besi imetulia bila kuvuma. Hapo ndipo pake. Kesho yake mchana niko kwa magoti na viganja, sikio karibu na sakafu, mlango ukafunguka: mama mkwe.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka huko chini.

"Marahaba baba. Umeangusha nini?"

"Natafuta besi, mama."

Akaliangalia lile sanduku lililokaa kwenye kochi kama mgeni wa heshima, akapitiliza jikoni kumuuliza mwanawe kama naumwa.

Besi nimeipata pembeni ya kabati la vyombo, si kwenye kona kama nilivyoelekezwa; konani ilivuma tu. Kiwango chake nilikipanga kwa masikio, maana maikrofoni ya simu besi nzito inaipunja, na ukiifuata simu utaipandisha sabufa hadi jirani agonge mlango.