Nilivyosimamia prepo ya wavulana wa mwaka wa nane Uingereza

Nafundisha hesabu katika shule ya maandalizi ya wavulana kusini mwa Uingereza, si chekechea bali shule ya kulipia inayowaandaa kwa sekondari. Kwa aliyesoma Tanzania, mwaka wa nane kule ni kama darasa la saba: wana miaka 12 au 13, ndio viranja, na mbele yao kuna mtihani wa Common Entrance wa kuingilia sekondari za kulipia.

Zamu iliyonisumbua ni prepo ya jioni. Wametoka raga, wameshiba, tope bado liko masikioni. Lakini usingizi si kitu. Shida ni kwamba chumba kimoja kina watu wa aina tatu. Wapo waliofanya mtihani wa awali wa kompyuta mwaka wa sita au wa saba wakaahidiwa nafasi. Hao wanaiona Common Entrance kama kugonga muhuri tu. Wapo wanaowania skolashipu, kama ile ya sekondari maarufu ya Eton, yenye mitihani migumu zaidi. Na wapo wenye roho juu. Wa kwanza wanapiga soga, wa pili wanajitenga, wa tatu wanaficha madaftari.

Nikawachanganya. Kila mmoja alete swali moja alilokosa wiki hiyo, ampe jirani. Jirani haruhusiwi kutoa jibu; anapiga mstari pale hesabu ilipopinda, basi.

Siku moja swali lilikuwa la koti lililopunguzwa bei kwa 15%, sasa linauzwa pauni 68. Bei ya awali? Kijana mwenye nafasi yake mfukoni alikuwa ameandika 78.20 bila hatua hata moja: alichukua 15% ya 68 akajumlisha. Jirani yake, mmoja wa wale wenye roho juu, akamwambia, "Haya, toa 15% kwenye hiyo tuone." Wakapata 66.47. Wakatazamana. Walibishana kidogo mpaka wakakubaliana kwamba 68 ni 85% ya bei ya zamani. Wakagawa, ikaja 80. Mimi nilikuwa najifanya nasahihisha.

Kuhusu kuandika hatua, mahubiri hayakusaidia. "Mwalimu, si jibu ni sahihi?" Kilichowagusa ni utaratibu wenyewe: maswali hutungwa na bodi ya ISEB, ila karatasi husahihishwa na shule anayokwenda mtoto. Nikawaambia, anayesoma karatasi yako huenda ndiye atakayekufundisha Septemba. Leo ni wakubwa wa shule. Septemba wanarudi kuwa njuka. Hakuna aliyetaka sifa ya uvivu imtangulie.

Wa skolashipu, mitihani yao ilipokaribia, niliwaachia maktaba. Kwa maoni yangu wanabebeshwa mno. Kuna Kilatini, Kifaransa, sayansi, historia, na Jumamosi asubuhi bado wana vipindi kabla ya mechi. Tangu Januari 2025 ada zina VAT ya 20%, wazazi wanataka matunda ya fedha yao, na watoto wanalijua hilo vizuri kabisa.

Sasa nautumia utaratibu huohuo kwa mwaka wa saba, ila wao wakiona kosa la mwenzao wanaangua kicheko. Kwa hiyo nakusanya maswali, nayanakili kwa mkono wangu, nayagawa bila majina. Inanilia muda, lakini prepo inakwenda.