Na dawa nazo zinapatanwa bei

Nimekulia Tandika, Dar es Salaam, na sikumbuki kununua kitu pale kwa bei ya kwanza. Nilipofika Columbus, Ohio, nikaacha. Huku bei imebandikwa, unalipa, unasepa. Kwa hiyo siku dada wa kaunta aliponiambia kapsuli 30 za celecoxib, dawa ya maumivu, ni dola 148, sikufungua mdomo. Nilitoa kadi.

Mgongo ulikuwa umenishika ghalani, kwenye zamu ya usiku, nikinyanyua boksi ambalo hata zito halikuwa. Bima ninayo, ila ni ile inayotaka nitoe dola 3,000 zangu kwanza kila mwaka ndipo nayo ianze kuchangia. Maana yake, mpaka sasa mwenye bima ni mimi.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, tunayefanya naye kazi. Alinitazama kwa huruma: "Weye unalipaka tu ile banakuambia?" Akachomoa simu, akafungua tovuti ya kuponi za dawa, akaandika jina la dawa, miligramu 200, kapsuli 30, na namba ya posta ya mtaa wetu. Ikaja orodha ya maduka. Moja dola 16, jingine 31, jingine karibu 90. Na duka langu la dola 148? Lilikuwa humo humo, dola 22. Chakula chote siku hiyo hakikupanda.

Mwezi uliofuata nilienda na kuponi kwenye simu, sauti imeniisha kama naomba mkopo. Mfamasia hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu: bima au kuponi? Viwili havichanganywi. Akaingiza zile namba za utambulisho zilizo chini ya kuponi, BIN, PCN na nyinginezo, bei ikashuka papo hapo.

Siyo sadaka lakini. Nyuma ya pazia kuna makampuni ya kati yanayopatana bei na maduka ya dawa, na kuponi inakuingiza kwenye mapatano hayo. Kila ukinunua, duka linawakatia chao. Na wewe unalipa kwa njia nyingine pia: mwaka 2023 GoodRx, watoa kuponi wanaojulikana kuliko wote, walikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya serikali kuwashitaki kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook na Google. Mimi kuponi yangu naichapisha au naipiga picha, taarifa zangu nyingine siwapi.

Jingine lililoniuma: hela uliyolipa kwa kuponi kwa kawaida haihesabiwi kwenye zile dola 3,000. Kama unajua mwaka huu una operesheni, piga hesabu kwanza. Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, asihangaike, mara nyingi analipa kidogo sana au halipi kabisa. Na mfamasia muulize waziwazi, "Nikilipa taslimu bila bima ni kiasi gani?" Zamani mikataba mingine iliwafunga midomo, sheria ya 2018 imewafungua.

Ila msikimbilie dola tano mkasahau tumbo. Ukihamahama maduka, duka jipya halijui unameza nini kutoka la zamani. Mimi nilikuwa nachanganya celecoxib na ibuprofen ya dukani, nikidhani moja ni ya mgongo na nyingine ya kichwa, kumbe ni ndugu wa ukoo mmoja wanaotoboa tumbo kwa pamoja. Na zile kali za jamii ya afyuni, msizizungushie maduka kabisa. Ohio kila kidonge kinaandikwa kwenye daftari la jimbo, na ukionekana maduka tofauti tofauti watakuuliza maswali mengine.

Bei nazo hazitulii. Jumamosi iliyopita ile ya dola 16 ilikuwa 27. Niligundua nikiwa bado garini, theluji inaanguka, heater imegoma. Nikageuza gari, nikaenda duka la pili, dola 19.