Mlifika wapi ndo mkajua?

Jumapili tulimsahau Tano, mtoto wetu wa tano, kanisani.

Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta mara tatu, sasa acha ikae. Hakupotea, hakujificha, hakuwa anacheza mahali. Alienda chooni, akatoka, akakuta hatupo. Tulikwenda watu kumi tukarudi tisa na hakuna hata mmoja aliyehisi pengo, na mimi ndo yule yule niliyeandika hapa kwa mbwembwe zote kwamba mama wa watoto wengi ana jicho kisogoni.

Ilivyotokea ni kitu cha kijinga tu, ndo maana kinauma. Gari letu mnalijua, haliingizi watu kumi hata ulibembeleze, kwa hiyo baada ya ibada huwa tunagawana: Baba Watoto anaondoka na Bibi na wadogo, mimi natembea na wakubwa. Wa Kwanza yuko chuoni, wanabaki saba. Wa Pili na Mapacha ni wa kutembea, Sita na Saba na Kichanga ni wa gari. Tano yuko katikati, ana miaka minane, kwenye gari anaambiwa wewe mkubwa tembea, kwenye kutembea anaambiwa wewe utatuchelewesha nenda kwenye gari, basi kila Jumapili anaingia popote penye nafasi. Baba Watoto akajua yuko na mimi. Mimi nikajua yuko na baba yake. Tukafika nyumbani kila mtu na amani yake.

Nikasalimiana na jirani, nikavua kiatu kimoja, Wa Pili akapakua, tukaomba, tukala. Tuliomba, jamani! Baba Watoto alishukuru kwa ajili ya "wote walioizunguka meza hii."

Kwenye kutoa vyombo ndo tukaona sahani moja imefunikwa, haijaguswa. Baba Watoto akauliza hii ya nani. Sita, ana miaka sita huyu, akajibu bila hata kuinua kichwa:

"Ya Tano. Ila Tano hajaja."

"Hajaja wapi?"

"Hajaja nyumbani."

Yaani yeye alikuwa anajua muda wote! Alimaliza chakula chake akijua dada yake hayupo, hakuona kama ni habari ya kumwambia mtu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka Baba Watoto akigeuza gari na mimi nikisema Yesu Yesu Yesu njia nzima kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wa pembeni, Biblia yake ndogo mapajani, mlinzi anafunga madirisha huku akimsemesha. Hakuwa analia. Akaniona, akasimama, akapangusa gauni nyuma, akasema, "Shikamoo mama."

Shikamoo! Kama mgeni aliyetoka safari. Nikaitikia marahaba huku magoti yananitetemeka.

Sasa hapa ndo penyewe, kinachoninyima usingizi si kumsahau, ni haya maneno yetu tukielekea kwenye gari, nimemshika mkono.

"Mama."

"Naam, mama."

"Mlifika wapi ndo mkajua?"

"Ah, hapo tu. Pale kwenye kona."

"Kona ipi?"

"Ile ya karibu. Hatukufika mbali."

Akaangalia chini, kimya. Tukapiga hatua tatu nne hivi. Halafu akasema, "Ah. Sawa."

Basi. Hiyo "Ah. Sawa" nimelala nayo Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Naosha vyombo inakuja, nafunga Kichanga nepi inakuja. Sauti yenyewe haikuwa ya hasira, angekasirika ningejua pa kumshika. Ilikuwa sauti ya mtu anayepokea chenji pungufu akaamua kutobishana.

Na nilidanganya haraka mno! Hata sikufikiri. Mimi mwenye kuwasimamisha watoto ukutani kwa sababu ya uongo wa nani amemwaga maji, mimi ambaye mwezi uliopita nilimnyima Pacha mmoja mpira wiki nzima kwa uongo mdogo kuliko huo. Ningesema tulifika nyumbani, ingekuwaje? Angejua tumekula bila yeye. Angejua imepita saa nzima na ushee. Nikajiambia namlinda moyo wake, lakini usiku mtu hawezi kujidanganya sana, nilikuwa najilinda mimi nisionekane mama niliyekuwa siku ile.

Wiki yenyewe haikukosa mambo, mkataba wa Baba Watoto haukuongezwa, barua ilikuja Jumanne, Mapacha wamefaulu wote wawili na Sita kang'oka jino, na yote hayo nimeyapita kama mtu anayepita sebuleni kuchukua kitu jikoni. Hilo la kazi nitaliandika nikiwa na nguvu. Tumeshapita hapo kabla, mnakumbuka, na hatukulala njaa.

Jumatatu usiku nikaenda kutafuta faraja kwenye Luka 2. Kila mtu anajua ile habari, Yesu ana miaka kumi na miwili, wazazi wanarudi kutoka Yerusalemu baada ya Pasaka, "nao wakadhani ya kuwa yumo katika msafara, wakaenenda mwendo wa kutwa." Nimeisoma miaka yote nikiwa upande wa mtoto, jinsi alivyokaa hekaluni na wale waalimu, sijawahi kusimama kwenye hayo maneno, wakadhani yumo. Mwendo wa kutwa! Sisi ilikuwa mwendo wa nusu saa na sahani moja. Na walimpata baada ya siku tatu. Mariamu akafika na swali, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?", yaani hata yeye alianza kwa kumrushia mtoto, nikacheka peke yangu gizani. Lakini hakudanganya. Alisema tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni, kwisha. Hakusema tuligeukia hapo kwenye kona.

Nikamkumbuka na Susanna Wesley, mama yake John Wesley yule mhubiri aliyeanzisha Wamethodisti, ambaye kwetu sisi wenye nyumba zilizojaa huwa anatajwa kama fimbo. Watoto kumi na tisa alizaa, tisa wakafa wachanga, na yeye mwenyewe kwao alikuwa wa ishirini na tano, halafu mume ana madeni hadi akafungwa kwa ajili ya hayo madeni. Kinachotajwa zaidi ni ile ratiba yake, kila jioni ya wiki ilikuwa na mtoto wake, anakaa naye peke yao wanazungumza, John ilikuwa Alhamisi, Jumapili wawili pamoja. Nimeshawahi kujaribu hiyo ratiba, mliokuwepo mnajua ilidumu siku nne. Ila usiku huo sikuikumbuka ratiba, nilikumbuka moto. Februari 1709 nyumba yao ikaungua usiku, familia ikakimbilia nje, wakahesabu watoto, John hayupo. Miaka mitano. Yuko juu dirishani. Hapakuwa na muda wa ngazi, mtu mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake wakamtoa, na paa likaanguka. Kwa hiyo hata kwenye nyumba ya ratiba kuna usiku hesabu haikutimia. Hilo hawakulitaja kwenye semina ya akina mama.

Na watu wakitupongeza wanapenda ile Zaburi ya 127, wana ni kama mishale mkononi mwa shujaa, heri mtu aliyelijaza podo lake. Amina. Lakini naomba mtu aniambie shujaa alikuwa anaihesabu mishale mara ngapi kwa siku.

Basi, ikafika Jumatano. Ibada ya jioni kwetu kila mtoto ana siku yake ya kuleta mstari, Jumatano ni ya Tano. Tumekaa, Kichanga ananyonya, Baba Watoto amechoka, barua bado iko juu ya kabati hakuna anayeitazama. Tano akasimama, mikono nyuma, akasafisha koo kama mchungaji.

"Zaburi ya 27, mstari wa 10. Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake."

Akakaa.

Jamani. Chumba kikawa kimya mpaka ukasikia Kichanga anavyomeza. Mimi uso unawaka moto. Halafu nikasikia kitu kama mluzi, kumbe ni Bibi. Bibi, ambaye kwenye maombi hacheki hata mtoto akianguka na kiti, ameziba mdomo na mabega yanaruka. Baba Watoto akajaribu kukohoa ikashindikana. Mapacha wakalala chini kabisa. Na Tano mwenyewe akawa anatuangalia mmoja mmoja, hacheki, ila kona ya mdomo wake imepanda kidogo, nikajua huyu mtoto amelitafuta hilo andiko tangu Jumapili na amelitunza siku tatu. Tulicheka mpaka Baba Watoto akafuta machozi, na nadhani mengine hayakuwa ya kucheka, yalikuwa ya ile barua, lakini yalitoka pamoja ikawa nafuu.

Usiku nikamfuata kitandani. Anashiriki kitanda na Saba, ambaye akilala anageuka kama saa, kwa hiyo Tano alikuwa ukingoni na mguu wa mwenzake tumboni. Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia, Tano, Jumapili nilikudanganya. Hatukugeukia kwenye kona. Tulikuwa tumefika nyumbani. Tulikuwa tumeshakula.

"Najua."

"Nani kakwambia, Sita?"

"Hapana. Ulikuja na kiatu kimoja cha kanisani na ndara moja."

Nikabaki namtazama. Maana kweli, mguu mmoja ulikuwa bado na kiatu, mwingine nimechomeka kwenye ndara iliyokuwa mlangoni, na hata sikujua mpaka tulivyorudi.

"Kama ni kwenye kona," akasema taratibu, kama anamfundisha mtu hesabu, "ndara ungeitoa wapi?"

Kumbe pale alipoangalia chini. Siku tatu nimekaa nikidhani aliinamisha kichwa kwa uchungu, kumbe anasoma miguu yangu. Nikamwomba msamaha. Akasema nimekusamehe, haraka haraka vile wanavyosema, halafu akanyamaza, nikadhani kalala. Akasema:

"Lakini kulikuwa kuzuri."

"Wapi?"

"Kule kanisani. Kabla babu mlinzi hajanikuta nilienda nikalala kwenye benchi. Benchi zima, mama. Nikanyoosha miguu mpaka mwisho, hapakuwa na mguu wa mtu."

Akasema na sauti ilikuwa inarudi. Aliita "haleluya" mara moja, dari ikamrudishia. Akaimba ubeti wa kwanza wote bila mtu kumwambia ameanzia juu mno. Ndo akasikia milango inafungwa akatoka nje kwenye ngazi, na hapo, alikiri, aliogopa kidogo, "ila kidogo tu, kwa sababu nilijua mtahesabu."

Nilijua mtahesabu. Sikumwambia kwamba hatukuhesabu, tuliona sahani. Nilishaungama vya kutosha kwa usiku mmoja, mtanisamehe.

Nikautoa mguu wa Saba tumboni kwake nikausukuma upande wa pili, Tano akajinyoosha mwili mzima, akalala kabla sijafika mlangoni. Na mimi nikalala, mara ya kwanza wiki hii, nikalala kama gunia. Jana Alhamisi nikasema ngoja nijaribu ya Susanna tena, hata robo saa, nikamchukua Tano tukakaa nje nikamuuliza unataka tuzungumze nini, akafikiri sana, akasema tusizungumze. Tukakaa. Dakika kumi na moja, mpaka Sita akatukuta.

Baba Watoto tangu jana anahesabu kwa sauti kila tukitoka, moja mbili tatu, hadi kwenda kwa jirani tu, na watoto wameanza kujibu namba zao kwa makusudi vibaya ili arudie.

Kitu kingine, sijui kama ni cha kuandika hapa. Bibi tangu juzi mguu wa kulia amevaa ndara yake, wa kushoto amevaa ya Baba Watoto, ile kubwa. Nimemuuliza asubuhi, akasema zimechanganyika tu mlangoni. Jioni bado alikuwa nayo, na alipoona naangalia akavuta gauni akafunika mguu.