Umepata wapi?

Kila mtu niliyemwambia nataka kuacha kazi aliniuliza kitu kimoja tu, umepata wapi? Dada yangu aliuliza hivyo, jirani yangu wa hapa Kireka pia, hata mama anayeniuzia nyanya jioni nikitoka kazini. Hakuna aliyeanza na kwa nini. Nikijibu sijapata popote mtu ananyamaza kwanza, alafu anaanza kuongea polepole kama unavyoongea na mgonjwa. Na mi siwalaumu, kwa sababu hata mimi mwenyewe kwa miezi kama saba hivi nilikuwa najiuliza hilo hilo, na kukosa jibu ndo kulinifanya nikae pale pale.

Wacha nieleze kazi yenyewe ndo mnielewe. Niko kwa kampuni moja ya klaringi hapa Kampala, jina nitaliacha. Mi ndo naandika entri. Mzigo wa mteja ukifika Mombasa, labda ni kontena la vigae au matairi au mitumba, yeye analeta makaratasi yake, invoisi, hati ya meli, orodha ya vilivyomo, na mi naingiza yote kwa sistimu ya forodha, hiyo ASYCUDA, kila bidhaa na namba yake na thamani yake, ushuru unatoka, mteja analipa, mzigo unaachiliwa. Zamani mambo mengi yalikuwa yanasubiri mpaka lori lifike Malaba, kule mpakani na Kenya. Tangu 2014, nchi zetu zilipoanza mpango wa eneo moja la forodha, ushuru wa Uganda unalipwa huku wakati kontena bado liko bandarini. Ni mpango mzuri, sisemi vibaya, safari zilipungua siku nyingi sana. Lakini kwa mtu anayekaa dawati langu maana yake ni kwamba kontena haliondoki Mombasa mpaka mimi nimalize, na zile siku za bure za kontena kukaa bandarini zikiisha gharama za bandari zinaanza kupanda, na mteja wa Kikuubo, pale soko la jumla, anayelipa hizo gharama hajui sistimu ilizima au benki ilichelewa, anajua namba yangu ya simu.

Alafu kuna madereva. Hawa ndo walinifanya nipende hii kazi mwanzoni. Nilizaliwa kwa nyumba ya Kiswahili, baba Mjapadhola mama Mteso, wakakutana katikati kwa lugha ya kambi ya jeshi, kwa hiyo dereva wa Mombasa akinipigia saa tisa usiku kutoka Malaba ananiita dada, tunaelewana, ananiambia karatasi imekataa, namba ya lakiri, ile sili ya mlango, kwa karatasi haifanani na ile iko kwa kontena, na mi nafungua laptopu kitandani nairekebisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona fahari. Nilikuwa najua kuna mtu analala chini ya lori lake kwa foleni na mi ndo naweza kumtoa pale. Hiyo ndo shida ya kazi kama hii, huwezi kuzima simu na ukalala vizuri, kwa sababu anayepiga hakosi sababu.

Tulikuwa watatu kwa entri. Mmoja akaenda kujifungua na hakurudi, mwingine akapata kazi Kigali. Wakasema wataajiri. Nikangoja miezi mitatu, nikaenda kwa bosi nikamwomba hata kijana mmoja wa kunisaidia usiku tu, akaniambia nivumilie mpaka Krismasi. Hiyo ilikuwa Krismasi iliyopita.

Mwezi wa pili mwaka huu nikakosea. Mzigo wa dola 18,400 niliuandika 184,000. Sifuri moja, saa nane usiku, macho yamechoka. Ushuru ukatoka mara kumi, mteja akapiga kelele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakatoka nje, kurekebisha kulichukua siku nne na kontena siku hizo zote liko bandarini linahesabiwa. Nikakatwa kwa mshahara miezi miwili. Pesa iliniuma, ndio, lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba nilipoiangalia ile entri asubuhi sikukumbuka kabisa kuiandika.

Baada ya hapo ndo mwili ukaanza kuongea. Siku moja niko kwa taksi tumekwama kwa jamu pale Banda, simu ya kondakta ikalia na ilikuwa na mlio kama wa kwangu. Mikono yangu ilianza kutetemeka, jasho likanitoka mgongoni, na simu yangu mi nilikuwa nimeiacha nyumbani inachaji. Nilibadilisha mlio siku hiyo hiyo na baada ya wiki mbili ule mpya nao ukawa vile vile. Nikaenda kliniki, nesi akapima presha ikatoka 158 kwa 98, akapima tena akiwa amenikalisha dakika kumi, ikashuka kidogo tu. Nina miaka 34. Akaniuliza nalala saa ngapi nikashindwa kumjibu, sio kwamba nilikuwa naficha, sikuwa najua.

Hapo utasema basi si uache. Nami nilisema hivyo kila Jumapili usiku na kila Jumatatu nikapanda taksi. Kwa sababu nina mtoto wa darasa la nne, nina wazazi Tororo, nina nyumba ya kupanga, na hapa Uganda ukiacha kazi hakuna mahali serikali inakupa kitu ukitafuta nyingine. NSSF yangu, ile akiba ya uzeeni, iko, kila mwezi wananikata 5% na mwajiri anaongeza 10%, kwa miaka sita imekuwa hela ya maana, lakini siwezi kuigusa sasa. Ile sheria ya 2022 ya kutoa sehemu mapema ni kwa aliyefika miaka 45 na ameweka miaka kumi, ndo anaweza kuchukua mpaka 20%. Mi bado mbali. Kuna rafiki akaniambia niende kyeyo, Dubai kuna kazi. Kumwacha mtoto nikapumzike presha nchi za watu, hapana, hiyo sikuifikiria hata siku moja.

Aliyenitoa kwa huo mzunguko ni baba.

Nilikuwa nimeenda Tororo wikendi ya mwezi wa saba. Tumekaa kula, simu ikalia, nikatoka nje. Nikarudi, ikalia, nikatoka. Mara ya tatu nilipoingia baba alikuwa amefunika sahani yangu na sahani nyingine, amekaa tu, hajala. Hakuuliza nilikuwa naongea na nani. Akaniambia mama, kaa. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Baba alikuwa askari. Wakati jeshi lilipunguzwa, kati ya 1992 na 1995, zaidi ya watu 30,000 walitolewa na yeye alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mdogo sana, ninachokumbuka ni mabati yamelala uani yanang'aa na tunakatazwa kuyapanda. Walimpa mabati na pesa za kuanzia, akarudi na mke na watoto, hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na shamba la maana. Akanunua baiskeli akaweka kiti cha nyuma, akaenda Malaba kubeba watu kati ya huku na upande wa Kenya, wakati ule boda boda zilikuwa ni baiskeli na walikuwa wanaita kweli kweli, boda, boda, kwa sababu wanakutoa mpaka mmoja kwenda mwingine. Tulisoma kwa hiyo baiskeli, kaka yangu na mimi, mpaka alipopata kazi ya stoo.

Nikamwambia yote, presha, ile sifuri, mlio wa simu. Nikamwambia nataka kutoka na sina pa kwenda. Nilikuwa nangoja aniulize umepata wapi kama wengine. Akasema, mimi walinitoa, sikuchagua. Lakini walinipa vitu mkononi nikajua ni vya muda gani, nikapanga ndani ya huo muda. Wewe vyako ni vya muda gani?

Sikuwa najua. Nimefanya hesabu za makontena ya watu miaka sita na yangu sikuwa nimeikaa chini hata siku moja, nilikuwa naiogopa tu.

Usiku ule nikachukua daftari la mtoto. Mshahara wangu ni shilingi 1,600,000, PAYE, kodi ya mshahara, inachukua 382,000, NSSF 80,000, nabaki na 1,138,000. Nyumba 300,000. Chakula 250,000. Yaka ya umeme, maji na gesi 60,000. Nauli 120,000, hapo ndani kuna boda za usiku ninazopanda kwa sababu ya kazi. Fizi za shule ukigawanya kwa mwezi 160,000. Nyumbani Tororo 80,000. Jumla 970,000. Nikitoka kazini nauli inashuka mpaka 30,000, chakula naweza kukibana mpaka 200,000, kwa hiyo tunaishi kwa 830,000. Kwa SACCO, chama chetu cha akiba, nina 2,900,000. Loni ya mshahara nilikuwa nayo, nilimaliza mwezi wa tatu, na hapa nataka niseme wazi kabisa, kama ile loni ingekuwepo nisingetoka, ningekaa na presha yangu mpaka iishe, kwa sababu benki haiangalii kama umelala. Kwa hiyo mtu asisome hii akaenda kurusha barua kesho.

2,900,000 gawanya kwa 830,000. Miezi mitatu na nusu. Nilitegemea kuona mwezi mmoja! Kwa kichwa changu ilikuwa nikitoka Ijumaa, Jumatatu tunafukuzwa kwa nyumba.

Kisha nikatafuta Sheria ya Ajira ya 2006, nilikuwa sijawahi kuisoma, na nadhani wengi wetu hatujaisoma. Notisi inategemea umekaa muda gani. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano ni mwezi mmoja, mitano hadi chini ya kumi ni miezi miwili, na inahusu pande zote mbili, mwajiri na mfanyakazi. Mi nina sita. Kwanza nilikasirika, miezi miwili mingine ya simu za usiku. Baadaye nikaona hiyo ni mishahara miwili, nikiweka 168,000 inayobaki kila mwezi nafika 3,236,000, karibu miezi minne. Likizo pia sheria inatoa siku saba kwa kila miezi minne, na mwaka huu sijachukua hata moja, wanatakiwa wanilipe hizo siku nikitoka. Hiyo sijaiweka kwa hesabu, hela ambayo haijaingia kwa akaunti siihesabu.

Nikapanga hivi. Fizi za muhula wa tatu nilipe zote Septemba nikiwa bado kazini. Barua niitoe tarehe 1 Oktoba, nitoke mwisho wa Novemba. Desemba mtoto amefunga shule, tunaenda Tororo, kule hatununui chakula kingi. Ubaya wake naujua, Desemba hakuna anayeajiri, Januari watu hawana hela, na Februari fizi zinarudi. Mpaka mwisho wa Machi lazima niwe nimepata kitu hata kama ni kidogo kuliko hiki. Kaka yangu anaendesha lori, anasema kuna ofisi ndogo ndogo Malaba zinatafuta mtu wa makaratasi wa mchana. Naweza. Wa mchana.

Jana ilikuwa tarehe 1. Niliingia kwa bosi saa nne nikamwekea barua mezani, aya mbili, hakuna lawama ndani. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akaniangalia akasema, umepata wapi? Nikamwambia sijapata. Akacheka, akataja kampuni mbili za washindani wetu, akaniuliza ni ipi kati ya hizo, wananipa ngapi, yeye anaweza kuongeza. Nikarudia, mzee, sijapata popote, nimechoka na presha iko juu. Akawa kimya muda mrefu. Alafu akauliza taratibu, bila ule ukali wake, presha ni ngapi? Nikamtajia. Akasema yake mwaka jana ilifika 170.

Alipiga muhuri nakala yangu. Nikiwa bado nimesimama pale simu ikalia, dereva yuko Malaba, namba ya lakiri haifanani, nikatoka kwenda kuirekebisha kwa sababu yule dereva hajui kuna barua, na bado nina siku sitini.