Kuta za mpingo

Siku tuliyokunja kuta, yaani mbao za ubavuni, za gitaa la mwalimu wa kwaya, masika yalikuwa yamepamba moto mjini Moshi na umeme haukuwepo tangu alfajiri. Fundi hakujali. Alisimamisha bomba nene la chuma cheusi juu ya jiko la mkaa, akalikaza kwa mkono wa chuma uliotoka ukutani. Bomba la maji lenye zinki halitakiwi karibu: likishika moto mkali hutoa moshi wa sumu.

Mwalimu alikuja kusimamia. Alitaka gitaa zima liwe la mpingo, hata uso wake, yaani ubao wa mbele.

"Fundi, Ulaya klarineti wanatengeneza kwa mpingo wetu. Mimi unifunikie kwa sprusi, mti wao mwepesi?"

"Mwalimu, mpingo unazama majini. Uso wa gitaa unatakiwa kutikiswa na uzi wa nailoni. Utautikisaje?"

Akamsimulia habari za Antonio de Torres, fundi wa Hispania, ambaye mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na kuta za karatasi ngumu, uso wa sprusi, kuthibitisha kwamba sauti inabebwa na uso. Mwalimu alinyamaza, ila uso wake ulionyesha bado anabisha.

Tukarudi kwenye mbao. Kila ukuta ulikuwa na urefu wa milimita 800 na upana wa 100. Mti wa kawaida wa jamii ya rozwudi, ndugu wa mpingo, tunauacha na unene wa milimita 2. Mpingo tuliushusha kwa randa na skrepa, bamba la chuma la kukwangulia, hadi 1.8, maana ni mgumu na haukunjiki kwa hiari. Tone la maji likirukaruka juu ya bomba badala ya kuchemka palepale, joto limefika. Ubao unapanguswa kwa kitambaa kibichi tu. Ukiuloweka sana unapinda upande upande kama kigae.

Tulianzia kiunoni mwa gitaa, kwenye kona kali kuliko zote. Nyuma ya ubao fundi aliweka ukanda wa bati jembamba, kwa sababu nyuzi za mti za upande wa nje ndizo zinazovutwa, na mahali zinapotoka nje ya ubao ndipo unapopasuka. Kusukuma kwa nguvu ni kosa la wengi. Unaubembeleza ubao mbele na nyuma, unasubiri, halafu ghafla unalegea mkononi. Hapo ndipo unapokunja, ukipitiliza umbo kidogo kwa kuwa ukipoa utarudi. Ukuta wa pili ulitoa mlio mdogo karibu na kiuno. Fundi aliuondoa kwenye joto mara moja, akaukagua kwa kucha: unyuzi mmoja umeinuka, unatosha kushikwa kwa gundi. Kuta zote mbili zikafungwa ndani ya kalibu zilale humo.

Mwalimu akauliza uso utagandishwa lini. Fito zake saba za kuuimarisha kwa ndani, zilizotandazwa kama feni, zilikuwa tayari mezani.

"Si leo. Mvua ikiisha."

Mimi pia naona hapo hakuna mjadala. Sprusi iliyovimba kwa unyevu wa Mei, ikigandishwa fito, itasinyaa kiangazi huku fito zikiishikilia, na ufa utatokea pembeni mwa daraja linaloshika nyuzi za gitaa. Unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 45 au 50, ndipo gundi inapopashwa.

Mwalimu alichukua kipande cha sprusi, akakining'iniza kwa vidole viwili, akakigonga. Akagonga na kipande cha mpingo. Vyote viwili vililia vizuri, na akamwambia fundi kwamba hajamshawishi, lakini atalipa hiyo sprusi.